Wagonjwa wa kichwa nao watumiwe meseji

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwenu niwaongelee wale walioumia kichwa wakapewa ruhusa hospitali na kila mtu akadhani washapona.

Mdogo wangu alianguka na bodaboda pale Changamwe mwaka jana, helmeti hakuvaa. Akashonwa, akalazwa, wiki ya tatu tukarudi naye nyumbani na dawa za maumivu na tarehe ya kliniki, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba ubongo ukiumia, haswa hapa mbele nyuma ya paji la uso, mtu anaweza kushindwa kuzuia hasira, ama akalia tu, ama akakaa siku nzima hataki kuongea na mtu. Sisi tukaona ni jeuri. Jirani akasema ana jini na mama akaanza kuulizia mganga. Kumbe kuna utafiti wa Seattle kule Marekani, ulitoka 2010, walifuatilia wagonjwa 559 wa kichwa na zaidi ya nusu wakapata dipresheni ndani ya mwaka wa kwanza.

Aliyemsaidia ni mwenzake wa stejini. Kila siku baada ya alasiri anamtumia meseji, hapigi, manake akipigiwa maneno yanampotea anakasirika anakata. Meseji inamngoja. Namuona mdogo wangu anafungua simu yake ya kabambe, ile ndogo ya vitufe, anasoma polepole, anaiweka, baadae kashasahau anaisoma tena na anafurahi vile vile kama ndio imeingia sasa hivi. Siku moja aliandikiwa "jua limepoa, toka ukae barazani kidogo" na akatoka kweli, mara ya kwanza tangu ajali. Mama alikuwa akichagua mchele, akaniangalia tu hakusema kitu.

Na jambo hili si geni, hapa hapa Kenya lishafanywa kwa wagonjwa wa HIV. Kila wiki walikuwa wakitumiwa "Mambo?" nao wanajibu "Sawa" ama "Shida", akisema shida anapigiwa na muuguzi. Matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet 2010 na waliotumiwa meseji walikunywa dawa vizuri kuliko wasiotumiwa. Sasa wa kichwa kwa nini waachwe? Haitaki bando wala simu ya bei.

Lakini isiwe mashine peke yake tafadhali. Mtu aliyeumia ubongo akiandika "shida" usiku na asijibiwe, ni bora usingemuuliza. Awepo muuguzi wa kumpigia, maneno yawe machache, na anayemuuguza nyumbani naye aulizwe hali, kwa sababu mama pia hajalala vizuri miezi mingi.

Kaunti ikitaka kuanza, namba ishaandikwa. Siku tunatoka hospitali tulijaza kwenye fomu namba ya mgonjwa na yangu mimi, na mpaka leo hazijapigwa hata mara moja.

Dada wa mgonjwa,
Mombasa