Chupa ya zamani usiitupe

Mkunazini, Unguja
Ijumaa, baada ya magharibi

Kwa shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika Jumatano kwa mkono wa mjomba wako, pamoja na mkungu wa ndizi ambao nusu yake watoto wameshaumaliza. Huku sote wazima, alhamdulillah, ila goti la mama ndio lile lile.

Unasema umeambiwa salfeti ya kwenye shampuu inaleta saratani, ukaiacha chupa yako ya zamani ya kijani na kununua mpya iliyoandikwa "bila salfeti", na nywele bado zinakatika. Karatasi uliyonakili maandishi ya nyuma ya hiyo chupa mpya nimeiona. Nilicheka mpaka machozi. Umeyanakili herufi kwa herufi kama mtoto wa chuoni anayeandika alifu-be-te, hata alama ya kikopo kilichofunguliwa umeichora. (Alama ile, kwa taarifa yako, na ile "12M" ndani yake, maana yake ukishaifungua chupa una miezi 12 ya kuitumia.) Lakini umefanya la maana kuliko huyo aliyekuuzia, maana yeye kakusomea mbele ya chupa tu, na mbele ya chupa ndipo watu wanapojisifu.

Nianze na la saratani, kwa sababu naona ndilo lililokukosesha usingizi. Halina ushahidi, shoga. Maneno yale yalizungushwa kwenye barua pepe tangu miaka ya 1990, yakahamia kwenye simu zetu, na kila yanapohama yanatiwa chumvi. Kinachojulikana ni kwamba salfeti inawasha ngozi, na hilo halina ubishi. Wataalamu wa ngozi wakitaka kupima ngozi ya mtu inavyohimili muwasho, humpaka sodiamu laurili salfeti makusudi, kisha wakaangalia wekundu unavyotoka. Kwa hiyo mwenye ukurutu, au anayewashwa kichwa kila akiosha, ana haki ya kuikimbia. Ila kukimbia muwasho na kukimbia saratani ni mambo mawili.

Sasa hiyo salfeti ni kitu gani? Nitakueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu skuli, usinune. Shampuu ni maji yaliyotiwa kitu cha kubeba mafuta. Kila chembe ya kitu hicho ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukisugua, mikia inajichimbia kwenye mafuta na uchafu wa kichwani. Ukimwaga maji, vichwa vinayafuata maji na kuburuta kila kilichokamatwa. Salfeti ni hodari wa kazi hiyo, ni rahisi kwa bei, na povu lake ni jingi. Ndiyo maana utaikuta kwenye shampuu, kwenye dawa ya meno na kwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Ubaya wake ndio huo huo uhodari: haijui kuchagua. Inachukua jasho na vumbi, na inachukua pia yale mafuta kidogo ambayo kichwa chako kimeyatoa kwa taabu. Mwenye nywele za singa hajali sana, kwani mafuta yake yanateleza kutoka kwenye ngozi mpaka ncha. Sisi wa kipilipili mafuta yetu yanapanda ngazi za mzunguko, hayafiki mbali, na ncha zinabaki kame. Ukiziosha kwa kitu kikali mara tatu kwa wiki, zitakatika tu.

Na usidanganywe na "imetokana na nazi". Ule mkia unaopenda mafuta mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya mbegu za mchikichi. Salfeti yenyewe, hiyo inayotukanwa, inaweza kuwa mtoto wa nazi. Nazi haimtoi mtu hatiani.

Tuje kwenye karatasi yako. Vitu vinaandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi kinatangulia, mpaka vile visivyofika asilimia 1 ndio vinapangwa ovyo. Cha kwanza ni maji. Cha pili, kwa mwandiko wako mzuri, ni "Sodium C14-16 Olefin Sulfonate". Tazama mwisho wa neno: sulfonate, si sulfate. Kwa kemia si salfeti, na kampuni haijasema uongo kuandika ilivyoandika. Lakini ni binamu yake, povu lake ni jingi na nguvu yake ya kukwangua mafuta haiko mbali. Ndiyo maana umetoa shilingi elfu thelathini na tano na nywele bado zinakatikia kwenye kitana. Umehama nyumba, mtaa ni ule ule.

Kwa hiyo ukiwa dukani, iwe Chake Chake huko Pemba au ukija sokoni Darajani huku mjini, igeuze chupa. Baada ya maji, angalia majina mawili matatu ya mwanzo. Ukiona neno linaloishia na "glucoside", au "isethionate", au "sarcosinate", hao ndio wapole. "Cocamidopropyl Betaine" nayo ni pole, na mara nyingi inatiwa pamoja na kali ili kuituliza, kwa hiyo tazama nani kaitangulia. Hata kwenye salfeti zenyewe kuna tofauti: "Laureth" ni laini kuliko "Lauryl". Ukikosa chupa ya bei, yenye "Laureth" iliyofuatwa na betaine haitakuua, na mimi naiona bora kuliko hiyo uliyouziwa. Na ukikuta "methosulfate" kwenye kondishna usiruke. Hiyo kazi yake ni kulainisha, haioshi.

Haya, sasa nikuchekeshe na yangu, maana nimekaa kukufundisha kama sijawahi kuumbuka.

Mwaka juzi nilishikwa na homa hii hii ya kukimbia salfeti. Nikanunua shampuu pole kweli kweli, ya glukosidi, nikajisikia mtu wa maana. Lakini sikuacha mafuta ya mgando. Unanijua, tangu dakhalia mimi na mafuta ya mgando ni chanda na pete. Juu yake nikawa natia ile krimu ya kung'arisha yenye silikoni. Wiki ya kwanza nywele laini, mashallah. Wiki ya tatu nzito. Mwezi wa pili kichwa kinanata, ukipitisha kidole kinatoka na kitu cheupe kama unga uliolowa, na mba ikaota mpaka kwenye nyusi. Na mimi nafunga ushungi asubuhi nywele zikiwa bado mbichi, joto la hapa unalijua. Mba inatokana na aina ya fangasi anayeishi kwenye ngozi na kula mafuta yake. Mimi nilikuwa nimemwekea karamu na kumfunika na kawa.

Kumbe shampuu pole haina nguvu ya kung'oa mgando wala silikoni nzito. Nililia mbele ya kioo, kisha nikachukua ile ya zamani ya salfeti, ya bei ya chini, iliyokuwa chooni ikisubiri kutupwa. Nikaosha mara mbili siku moja. Nywele zikapumua. Baadaye nikanunua duka la dawa shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, naiacha dakika tano kabla ya kuisuuza, mara mbili kwa wiki, mba ikaondoka. (Ipo pia dawa ya mba inayoandikwa "Selenium Sulfide". Hiyo ni sulfide, haihusiani na ugomvi wetu, usije ukaiacha kwa jina.)

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu: shampuu pole mara moja kwa wiki au siku kumi, na mara moja kwa mwezi naitoa ile kali kabatini, naosha nayo ngozi ya kichwa tu, ncha nazipaka mafuta ya nazi usiku wa kabla. Mafuta ya nazi yanaingia ndani ya unywele na kuupunguzia kupoteza protini wakati wa kuosha. Mgando unakaa juu tu kama plastiki. Bibi zetu walikuwa wakipaka kabla ya kuosha, na mimi na shahada yangu ya kemia nilimcheka bibi kwa hilo.

Kuna jambo la maji, na hapa ndipo nadhani tatizo lako lilipo kuliko kwenye chupa. Micheweni kwenu ni maweni matupu. Maji ya kisima yanapita kwenye jiwe la matumbawe na kubeba chokaa njia nzima. Ndiyo ule utando mweupe unaoganda ndani ya birika lako. Chokaa hiyo hiyo inaganda kwenye nywele. Jaribu hivi: chukua chupa mbili, moja tia maji ya kisima, nyingine maji ya mvua. Kwangua sabuni ya mche kidogo, tia sawa sawa, tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya kisima itachafuka kama tui lililokatika, na povu halitakaa. Yale mabonge meupe ndiyo yanayobaki kichwani.

Ndiyo maana jibu langu juu ya sabuni ya mwani unayotaka kumuoshea mtoto Sabra ni hapana, na usiniambie nawadharau kina mama wa Paje wanaoitengeneza. Mimi naiogea mwili kila siku na ninaipenda harufu yake ya mkarafuu. Ni kweli haina salfeti. Lakini ni sabuni ya kweli, ya mafuta na magadi makali, na kila sabuni ya namna hiyo ina ualkali, yaani kinyume cha uchachu: pH, kipimo chake, ni 9 mpaka 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Unywele ukikutana na ualkali unafunua magamba yake na kukwaruzana na mwenzake. Ukiongeza na maji yako ya chokaa, mtoto atatoka bafuni kichwa kama kumbi. Mimi nilijaribu Jambiani kwa maji ya kisima cha wifi. Kitana kilivunjika meno mawili.

Na hayo mabaka ya mviringo yasiyo na nywele kichwani mwa Sabra uliyoyataja mwishoni mwa barua, kama jambo dogo, siyo ya shampuu. Inaelekea ni mapunye. Mpeleke hospitali wiki hii, yanataka dawa ya kumeza, na kitana chake asichangie na wenzake.

Kwako wewe: kinga maji ya mvua. Masika inakuja, weka ndoo na pipa chini ya bati, na hata kama ni lita tatu tu, ziwe za suuzo la mwisho. Wakati wa kiangazi, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki kwenye lita moja ya maji, mimina kichwani mwisho kabisa, acha dakika mbili, suuza kidogo. Siki inayeyusha chokaa na kuyalaza yale magamba. Ndimu pia inafaa, lakini mimi siipendi: ikibaki shingoni ukatoka juani inaunguza ngozi na kuacha weusi.

Jambo jingine, la sisi wawili. Umeandika unaosha kwa shampuu kila unapokoga josho la kujitwaharisha. Shoga, josho linataka maji yafike kwenye mashina ya nywele, halitaki shampuu. Koga kwa maji matupu, ndio hivyo inavyotakiwa. Ukiihesabu, utakuta nusu ya ukavu wako umetoka hapo, na nusu ya chupa ya elfu thelathini na tano imekwendea hapo pia.

Ndani ya kifurushi utakuta chupa moja ya glukosidi, haina harufu yoyote, usidhani imeharibika. Nimekutilia pia kitana cha meno mapana. Hiyo chupa yako mpya malizia, ila iwe ndiyo ya mara moja kwa mwezi, na ile ya zamani ya kijani usiitupe wala usimpe mtu. Oshea vitana na brashi, zinatoka safi kama zimetoka dukani. Mgando hamishia kwenye visigino.

Nami nina haja kwako. Mama anataka kuosha nywele kwa mkunazi kama zamani, majani makavu yaliyotwangwa, kuchungwa na kukorogwa na maji ya vuguvugu. Povu lake ni dogo lakini ni la kweli, yana saponini, kitu cha asili kinachotoa povu, na kwa nywele chache za mtu mzima asiyepaka mgando yanatosha. Nimezunguka mtaa mzima. Mtu anakaa Mkunazini na hapati hata jani moja la mkunazi! Nichumie pakacha moja, yaanike kivulini, mpe mjomba akirudi. Yasiwe na miiba, mara ile mama alijichoma akanisema mimi mwezi mzima.

Msalimie mume, na Bi Mkubwa mbusu mikono. Sabra mwambie nywele zitaota.

Wako akupendae,
Raya