Astérix ana wenyewe, nao wana majina

Mhariri,

Nimeisoma kwa furaha makala yenu kuhusu vitabu vya katuni vya Astérix, shujaa wa kijiji cha Wagali (watu wa Ufaransa ya kale) kinachowapinga Warumi, ila imenishangaza kwamba mwandishi amezungumza kana kwamba waasisi wake, mtunzi René Goscinny na mchoraji Albert Uderzo, ndio wanaovitoa hadi leo. Goscinny alifariki dunia Novemba 1977, na Uderzo Machi 2020. Kitabu kilichotoka mwaka 2025, ambacho kinampeleka Astérix Lusitania, yaani Ureno ya kale, kimetungwa na Fabcaro na kuchorwa na Didier Conrad.

Kosa hili si dogo, kwa sababu waasisi wenyewe waliwahi kuumia kwa jambo hilohilo. Mwaka 1956, wakiwa waajiriwa wa wakala mmoja wa Ubelgiji, Goscinny, Uderzo na rafiki yao Jean-Michel Charlier walijaribu kuwaunganisha watunzi na wachoraji wenzao ili wadai haki zao, katika zama ambazo mtunzi wa hadithi ya katuni mara nyingi hakutajwa hata jina. Goscinny akafukuzwa kazi, na wenzake wawili wakaondoka naye. Hao watatu walikuwa miongoni mwa walioanzisha jarida la Pilote, ambalo toleo lake la kwanza, la tarehe 29 Oktoba 1959, ndilo lililomzaa Astérix. Jarida halikuchelewa kuishiwa fedha, na mwaka 1960 mchapishaji Georges Dargaud akalinunua kwa faranga moja, bei ya kutimiza desturi tu. Kitabu cha kwanza, cha mwaka 1961, kilichapwa nakala 6,000. Siku hizi kitabu kipya huanza na nakala milioni kadhaa, kwa lugha nyingi kwa mpigo.

Mwandishi wenu amekipita haraka kifo cha Goscinny, na hapo ndipo palipo na kiini cha mambo. Alikufa kwa maradhi ya moyo akiwa anapimwa kwa daktari, huku kitabu cha safari ya Ubelgiji kikiwa hakijamalizwa kuchorwa. Uderzo alikuwa tayari katika mvutano na Dargaud na hakutaka kukimaliza, lakini mwishowe alikimaliza. Msomaji akifunua kurasa za mwisho ataona mbingu imefunga na mvua inanyesha: ndivyo mchoraji alivyomlilia rafiki yake, bila kuongeza neno. Mwaka huohuo kilipotoka, 1979, Uderzo alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Les Éditions Albert René, iliyobeba jina lake la kwanza pamoja na la marehemu, akaanza kutunga na kuchora peke yake. Kwa maoni yangu hadithi hizo zilipungua chumvi, ingawa mkono wa mchoraji ulibaki uleule. Vitabu 24 vya mwanzo vilibaki kwa Dargaud hadi kesi ndefu ilipovitoa huko, na baadaye vikaingia kampuni ya uchapishaji ya Hachette.

Mwaka 2008 Uderzo aliuza hisa zake kwa Hachette na kuridhia mfululizo uendelee baada yake. Binti yake, Sylvie, alipinga waziwazi katika gazeti la Le Monde, akiona ni sawa na kuwafungulia Warumi lango la kijiji cha Wagali. Nakiri kwamba nilikuwa upande wake, kwani Hergé, mchoraji wa Ubelgiji, hakutaka mtu mwingine amwendeleze shujaa wake wa katuni, Tintin, na tangu alipofariki mwaka 1983 hakijatoka kitabu kipya rasmi kilichotungwa na mtu mwingine. Nilibadili mawazo mwaka 2013, nilipokisoma kitabu cha kwanza cha Jean-Yves Ferri, mtunzi aliyemtangulia Fabcaro, na Conrad, ambacho Uderzo mwenyewe alikifuatilia kwa karibu. Kilikuwa kazi ya watu wanaokijua kijiji kile nyumba kwa nyumba.

Jalada la kitabu kipya linawataja waasisi, na pia linawataja Fabcaro na Conrad. Picha mliyoiweka kando ya makala ilikatwa, na sehemu yenye majina ya hao wawili ndiyo iliyoondoka. Naomba toleo lijalo liichapishe picha hiyo nzima, pamoja na sahihisho.

Msomaji wenu wa siku nyingi