Wanaoanza kemo waambiwe kuhusu hedhi mapema

Kwako Mhariri,

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Langa Langa, Nakuru. Mwaka jana nilimaliza kemo ya saratani ya titi. Habari za nywele na kutapika nilielezwa mpaka nikachoka, hata ile dripu nyekundu inayogeuza rangi ya mkojo. Ya hedhi hakuna aliyeyataja, na nina miaka 36.

Hedhi ilipokatika, wenzangu wa chama wakaanza kunong'ona kwamba nina mimba. Kisha likaja joto. Baridi ya Julai kila mtu amejifunga leso, mimi jasho linadondokea gauni la mteja. Mama mkwe akasema nimerogwa.

Muuguzi mmoja ndiye aliyenikalisha chini. Dawa za kemo huandama seli zinazogawanyika upesi, lakini saiklofosfamidi niliyopewa huharibu hata mayai yaliyolala kwenye ovari. Vifuko vinavyolea mayai hayo ndivyo vinavyotoa estrojeni, ile homoni ya kike. Vikipungua, estrojeni hushuka, na tezi iliyo chini ya ubongo huzidisha homoni ya FSH ikijaribu kuiamsha ovari. Ndipo huja joto la ghafla, usingizi wa mang'amung'amu, ukavu ukeni (naam, nimeandika, maana ndoa zinayumba kwa hilo) na baadaye mifupa kudhoofika. Walio chini ya miaka 40 wengi hurudiwa na hedhi, pengine baada ya miezi mingi; ukishavuka hapo, mara nyingi ndiyo basi.

Na kukatika kwa hedhi si kinga ya mimba, kwa kuwa yai laweza kukomaa bila wewe kujua. Mwenye saratani inayolishwa na homoni naye hafai kupewa sindano ya miezi mitatu wala vidonge vya kupanga uzazi. Koili ya shaba haina homoni.

Ombi langu kwa kliniki zetu: mgonjwa aulizwe kama bado anataka kuzaa kabla ya dripu ya kwanza. Ipo sindano ya goserelini, ya kila mwezi, inayoilaza ovari wakati wa kemo ili isiumie sana, ila huanzishwa kabla ya kemo. Ukiisikia baadaye, kama mimi, umeachwa na gari.

Waume nao waitwe siku hiyo hiyo wasikie kwa masikio yao. Wangu mpaka leo anamwamini mama yake.

Fundi wa cherehani (jina limehifadhiwa),
Langa Langa, Nakuru