Uhandisi wa ndege na mafunzo ya jeshi vipangwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Pemba ambao watoto wao, kama kijana wangu hapa Wete, wamemaliza kidato cha sita katika skuli za Tanzania Bara, mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na wanatamani uhandisi wa ndege. Wengi wetu huyaona mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya mujibu wa sheria kuwa ni miezi iliyopotea. Mimi siafiki, ingawa nakiri kuwa hesabu zisipofanyiwa mazoezi hukimbia upesi kuliko jasho la kwata.

Kosa kubwa zaidi ni kuchanganya fani mbili. Anayetaka kufungua na kurekebisha injini anaweza kusomea matengenezo ya ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam. Lakini anayetaka kubuni mabawa na kukokotoa nguvu za hewa ni bora aanze na shahada ya uhandisi mitambo, kisha atafute uzamili wa uhandisi wa anga nje ya nchi. Huyu wa pili simshauri aombe ajira ya jeshi kabla ya shahada, kwani askari haendi masomoni kwa matakwa yake bali kwa ruhusa ya wakuu wake.

Naiomba Wizara ya Elimu ipeleke washauri wa taaluma katika skuli za watoto wetu kabla ya mitihani, maana maombi ya vyuo na mikopo hayamsubiri aliye kambini.

Mzazi,
Wete, Pemba