Si Banda la Honi

Shetland, Uskoti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nanyi nyote mliopo hapo, salamu. Mimi ni mzima, baridi nimeizoea, kazi inaendelea.

Ujumbe wa Kaka Mkubwa nimeupata. Pesa za paa la nyumba ya Babu nitatuma mwisho wa mwezi, na azipokee Shangazi. Ziende kwenye paa, si kwingineko; Kaka anaelewa kwa nini nasema hivyo. Ila lililoniuma si pesa. Nimesikia aliwaambia wajomba eti nimevuka bahari kuja kulinda banda la honi. Hilo silinyamazii.

Mahali penyewe panaitwa Sumburgh Head, ncha ya kusini kabisa ya kisiwa kikuu. Mnara wa taa uliwashwa mwaka 1821, kazi ya mhandisi Robert Stevenson, nao ndio wa kwanza katika visiwa hivi. Lakini ukungu ukishuka, Mama, taa haisaidii kitu. Meli inaweza kuparamia mwamba na taa inawaka juu yake. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne iliyopita ikajengwa nyumba ya honi. Ndani mna injini zinazosukuma hewa kwenye matangi hadi ijae, kisha hewa hiyo inafunguliwa kwa nguvu ipite kwenye tarumbeta nyekundu inayotazama bahari. Honi za pwani hazikulia ovyo. Kila moja ilikuwa na mpangilio wake wa kulia na kunyamaza, hivyo nahodha asiyeona hata pua ya meli yake alisikiliza, akahesabu, akajua yuko wapi.

Rada zilipoenea hii ikanyamazishwa, mwaka 1987, na kufikia 2005 honi zote za namna hii Uskoti zilikuwa zimezimwa. Nyumba nyingi kama hizi ziliachwa zikaozea pwani. Hii ya kwetu ilifufuliwa, injini zikanguruma upya. Siku niliyoisikia nilikuwa mlangoni. Kifua kizima kilitetemeka, ndege wakafumka kutoka miambani. Na sasa mimi, binti yako, ndiye ninayewaingiza wageni chumba cha injini na kuwaeleza. Mwezi uliopita mzee mmoja aliyewahi kuwa baharia alinishika mkono akaniuliza nimejifunzia wapi yote haya. Mwambieni Kaka hilo.

Tena mwambieni habari za Juliet Nichols, mlinzi wa taa ya meli wa Angel Island, kule California. Julai 1906 mtambo wa kugonga kengele ya ukungu uliharibika, meli ziko njiani. Mama yule alichukua nyundo akaigonga kengele kwa mkono kwa zaidi ya saa 20, mpaka ukungu ukaondoka. Naye alikuwa analinda banda?

Siku za ukungu ndizo zinazonielemea. Huoni jirani, huoni barabara, na hapo ndipo natamani kusikia unaniita kutoka uani, hata kama ni kunigombeza.

Shangazi anitumie picha ya paa kabla fundi hajaanza na akishamaliza. Hati ya kiwanja ibaki kwako, Mama, asipewe mtu. Na Kaka anipigie mwenyewe Jumapili, asiwapitie wajomba.

Binti yako