Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mashine ya kutambua bakteria ije na mkataba wake

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA MASHINE ZA MALDI-TOF KWENYE MAABARA ZA KANDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya mkoa, na benchi langu ni la kuotesha vimelea. Asubuhi hupokea vikopo vya makohozi kutoka wodini. Chenye mate matupu nakirudisha. Makohozi yanayofaa nayapanda kwenye sahani za agari, yaani rojo la kuoteshea bakteria, ya damu na ile iitwayo ya chokoleti kwa rangi yake, naweka kwenye inkubeta, nasubiri hadi kesho. Kesho koloni, yaani vidoa vya bakteria, zimeota, lakini jina la bakteria bado silijui. Hapo naanza vipimo vya kikemia, kimoja baada ya kingine, na siku nyingine inakatika, mara nyingine mbili. Muda wote huo mgonjwa wa nimonia anachomwa antibiotiki ya seftriaksoni kwa kubahatisha, na majibu yangu huweza kufika wodini kitanda kikiwa na mtu mwingine.

MALDI-TOF, mashine inayotambua bakteria kwa uzito wa protini zao, inakata hiyo siku ya pili. Unachota koloni kwa kijiti, unaipaka kwenye doa la sahani ya chuma, unadondoshea mikrolita moja ya kemikali iitwayo matriksi, unaacha ikauke. Leza inapiga lile doa; protini za bakteria, nyingi zikiwa za ribosomu, zinapata chaji na kuruka ndani ya bomba lisilo na hewa. Nyepesi zinatangulia, nzito zinachelewa. Muda huo unageuzwa kuwa uzito, na mchoro unaopatikana unalinganishwa na michoro ya bakteria wanaojulikana. Klebsiella, Pseudomonas, Haemophilus influenzae: jina linatoka ndani ya dakika chache. Marekani iliruhusu mashine hizi zitumike kwa wagonjwa tangu mwaka 2013.

Kuhusu usugu wa dawa sitakuchosha, Mheshimiwa. Makadirio yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 yalionyesha kuwa vifo milioni 1.27 vya mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria, na maambukizi ya mapafu ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa kuliko mengine yote.

Sasa, wauzaji watakuja na picha nzuri, na kuna mambo hawatayasema. Mashine hii haisomi makohozi, inasoma koloni. Maabara isiyootesha vizuri itakuwa imenunua fenicha. Pia Streptococcus pneumoniae, mkubwa wao kwenye nimonia, anafanana mno na Streptococcus mitis, mkazi wa kawaida wa mdomoni, na mashine inaweza kuwachanganya. Diski za optochini, zinazowatenganisha hao wawili, zitabaki palepale kwenye friji. Na ikishataja jina, bado haijasema dawa gani inaua. Kipimo cha usikivu kinaendelea kama kawaida. Kwa kifua kikuu, mashine ya GeneXpert tunayokipimia isiguswe.

Bei ya mashine ni kubwa, ila kupima koloni moja ni nafuu. Ndiyo maana siombi kila mkoa upewe yake. Ianzie kanda ambazo bado hazina. Sisi wa mikoani tuoteshe, kisha koloni safi zisafiri kwa utaratibu uleule unaobeba sampuli za VVU na kifua kikuu.

Mkataba uwe na matengenezo ya miaka, masasisho ya maktaba ya michoro ya bakteria, na umeme wa akiba, kwa sababu bomba likipoteza hali yake ya kutokuwa na hewa, kazi inasimama mpaka litengemae. Mahali nilipowahi kufanya kazi palikuwa na mashine ya msaada iliyofunikwa shuka tangu mkataba wa fundi ulipoisha. Wageni walikuwa wakiizunguka kwa heshima, kama kaburi la sharifu.

Fungu jingine liende kwenye agari, na kwenye kondoo. Ndiyo, kondoo: damu ya sahani zetu inatoka kwake, naye anahitaji majani, banda na daktari wa mifugo. Sijawahi kuona mfadhili akipiga picha na kondoo wa maabara.

Zabuni ikiandaliwa, naomba watu wa benchi tuwemo tangu vigezo vinapoandikwa, tusiitwe siku ya kupokea makasha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mteknolojia wa maabara, hospitali ya rufaa ya mkoa