Kisamvu cha nazi kisipikwe kwa haraka

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie pishi ambalo wengi wetu tuliokulia mkoani Tanga katika miaka ya 1970 tulilihesabu kuwa chakula cha siku za ukata tu, nalo ni kisamvu cha nazi.

Majani machanga ya mhogo yalitwangwa kinuni pamoja na kitunguu saumu hadi yakalainika, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Kutokifunika kulikuwa na sababu, kwani majani hayo yakiwa mabichi yana sumu ya asili, ambayo kutwanga huifungua na moto huitoa pamoja na mvuke. Wakati huo mtoto mmoja alikalia mbuzi akikuna nazi. Tui la pili, lile jepesi, lilitangulia chunguni, na kasimile, yaani tui zito la kwanza, ikatiwa mwishoni huku bibi akikoroga pasipo kupumzika ili isikatike. Kililiwa kwa bada, yaani ugali wa unga wa mhogo, na dagaa wakipatikana.

Siku hizi kisamvu huuzwa sokoni kikiwa kimeshasagwa kwa mashine, jambo ambalo silipingi hata kidogo, maana mikono ya mama zetu ilichoka. Ninachokipinga ni kukiinjika kwa dakika chache tu kisha kukimiminia tui la pakiti.

Ningeomba ukurasa wako wa mapishi, ambao umezoea kutuletea keki na piza, ulipe nafasi pishi hili wangali hai wazee wanaolijua.

Msomaji wako,
Tanga